Tandu Ndani ya Jiwe la Mwezi

Zuhura, ambaye sasa ndiye anayekalia kiti changu dukani, hajanipa raha tangu nilipostaafu. Anasema nimeondoka na mambo mengi kichwani, na kwamba kichwa chenyewe si mahali pa kuaminiwa sana. Siwezi kubishana naye. Jana nimeitafuta miwani yangu nyumba nzima nikiwa nimeivaa. Basi nimekaa barazani kwangu hapa Kilindoni, nimeagiza chai, naandika kwa ajili yake na kwa ajili ya yeyote atakayekuja kukaa nyuma ya meza ile ya sonara. Anayetaka kujua nilipata faida gani asijisumbue kusoma. Nitasema habari za jiwe moja, jiwe la mwezi, ambalo madalali huliita munstoni, kwa sababu hilo ndilo lililonifundisha kazi.

Nilizaliwa Kiegeani katika ukoo wa wavuvi, na bahari ilinikataa mapema. Kila nilipopanda chombo nilitapika. Baba alivumilia akitumaini tumbo litazoea, lakini halikuzoea. Siku moja jirani yetu akasema mbele za watu kwamba samaki wa Mafia wanamjua Hamadi kuliko wanavyomjua baba yake, kwa jinsi anavyowalisha. Baba alicheka, na wiki ile ile akanishika mkono akanipeleka Kilindoni kwa Bi Shemsa. Namshukuru jirani yule mpaka leo, ingawa siku ile nilitamani kumtia ngumi.

Bi Shemsa alikuwa mjane wa sonara. Mumewe alipofariki, watu walidhani duka limekwisha. Yeye alikaa eda yake kama sheria inavyotaka, na ilipomalizika akafungua mlango, akawasha jiko la mkaa, akaendelea na pete ambayo mumewe aliiacha nusu. Kumbe miaka yote ile alipokuwa akimpelekea kahawa alikuwa akitazama mikono. Wanaume wa mjini walikuja kusimama mlangoni kushangaa, naye akawauliza kama wana pete ya kutengenezwa au wamekuja kumzibia mwanga. Mwanga, mtaona, ndio uliokuwa kila kitu kwake. Kitu cha pili kilikuwa mpira redioni. Hakuna mwamuzi hata mmoja aliyewahi kumridhisha.

Siku ya kwanza nilisimama kizingitini na baba yangu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Ndiye huyu anayetapika?"

"Ndiye," baba akajibu kwa unyonge.

"Hapa hapayumbi. Mwache."

Baba aliondoka upesi kama mtu aliyetua mzigo. Bi Shemsa akaniwekea juu ya meza kokoto nyeupe yenye ukungu, akanipa nyundo ndogo. Akaniambia niigonge. Nikagonga kidogo kwa woga. Akaniuliza kama ninavunja jiwe au ninabisha hodi kwa mkwe. Nikagonga tena, na jiwe likaachana vipande viwili, pale lilipoachana pakiwa papana na laini, pameng'aa kama kioo cha dirisha, na wala hapakuwa na vumbi.

"Umepaona hapo?" akasema. "Hilo ni jiwe la mwezi, na huo ndio mlango wake. Mungu kaliumba na milango miwili ya kuvunjikia. Laweza kukaa kidoleni mwa mtu umri mzima lisidhurike. Lakini siku likipigwa penye mlango, au likipata moto, au moto kisha baridi, linafunguka. Na likishafunguka halifungiki."

Wakati mwingine watu hufundishwa kazi kwa kuambiwa jinsi ya kutengeneza kitu. Mimi nilianza kwa kuambiwa jinsi kinavyoharibika, na nadhani ndiyo njia nzuri zaidi. Fundi anayejua kitu kinavunjikia wapi hukishika vizuri bila hata kufikiri.

Baada ya hapo alinikalisha mlangoni na jiwe lililonolewa mgongo kama kuba, akaniambia nilitazame tu. Nikatazama mpaka nikaona usingizi. Nilichokuwa nikitafuta ni ule mwanga wa buluu unaoelea ndani yake, ambao ukigeuza jiwe nao unahama, kana kwamba kuna mtu anapita ndani na taa. Kwa jiwe zuri, mwanga huo unapita katikati ya mgongo na unaonekana kutoka pande zote. Kama aliyelinoa hakuwa makini, mwanga unaangukia ubavuni, na mvaaji atalazimika kupinda kidole kama mwenye baridi yabisi ili auone. Jiwe lenyewe liwe jeupe la kupenyeza macho, si zito kama tui. Na mlitazame mlangoni, mchana, kivulini. Msilitazame chini ya taa ya dalali, kwa sababu taa ya dalali inafanya kazi kwa dalali.

Zuhura atakumbuka nilivyokuwa nikilirudia hilo mpaka akaanza kunimalizia sentensi. Nililirudia kwa sababu ya dalali mmoja kutoka bara, aliyekuja na mfuko wa mawe yanayowaka buluu yote, moja baada ya jingine, bila doa. Nilikuwa bado mwanagenzi na macho yalinitoka. Bi Shemsa alichukua jiwe moja akaligusisha mdomo wake wa juu, kisha akaliweka juu ya buibui lake jeusi, likawaka buluu. Akaliinua kuelekea dirishani, na lile jiwe likageuka rangi ya chai ya rangi.

"Baba," akamwambia dalali kwa upole uliotisha, "umetoka bara mpaka kisiwani kwetu kutuletea chupa?"

"Bi Mkubwa, hayo ni munstoni safi kabisa."

"Safi mno. Hata mtoto wa mfalme ana baka mahali." Akanigeukia. "Liguse mdomoni."

Nililigusa. Halikuwa na ubaridi. Jiwe la kweli ni baridi mdomoni na linachukua muda kupata joto, kioo kinapata joto mara moja. Jiwe la kweli ukiligeuza, mwanga unahama, lakini kioo kinang'aa palepale kila upande. Na ukiwa na kioo cha kukuzia, ndani ya chupa utaona viputo vya duara, ilhali ndani ya jiwe la mwezi, ukijaliwa, utamwona tandu.

Huyo tandu si mdudu. Ni ufa mwembamba mno uliozaliwa na jiwe, na pembeni yake vimetoka vijinyufa vidogo kama miguu. Madalali wanamchukia kwa sababu anashusha thamani. Bi Shemsa alimpenda. Alisema hakuna tandu wawili wanaofanana, na kwamba jiwe lenye tandu haliwezi kupotea, hata likipita mikono ya watu wote wa Kilindoni. Alikuwa na kioo chake cha kukuzia kilichofungwa kamba nyeusi, akikivaa shingoni mchana kutwa. Kukigusa bila ruhusa kulikuwa kosa kubwa kuliko kuunguza fedha.

Kuhusu kulitunza sina maneno mengi, lakini haya niliyo nayo nimeyalipia kwa koo, kwa kuwaambia wateja wale wale mambo yale yale. Vueni pete kabla ya kusugua sufuria. Wanawake wa huku husugua kwa mchanga na majivu, na mchanga ni mgumu kuliko jiwe la mwezi, utalikwaruza mpaka liwe na ukungu. Fedha ikiingia weusi msiifute kwa ndimu huku jiwe likiwa ndani. Dawa ya meno ni ya meno. Lioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kwa mswaki wa mtoto, likaushwe kwa kipande cha kanga iliyochakaa, kisha lilazwe peke yake katika kifuko chake, si kutupwa pamoja na bangili. Hina ipakwe kwanza, manukato yapulizwe kwanza, pete ivaliwe mwisho. Wageni wanaokuja kutazama papa potwe walikuwa wakinisikiliza kwa adabu, wanapiga picha ya maelezo yangu, halafu wanaingia baharini na pete kidoleni.

Na moto. Kila mteja aliyetoka na jiwe la mwezi dukani kwetu aliambiwa na Bi Shemsa mwenyewe asilikaribishe moto. Kumbukeni hilo, maana sasa nafika kwenye kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Wakati huo Bi Shemsa alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima sana. Mezani nilikuwa mimi, naye alikaa nyuma ya duka kwenye mkeka, na redio yake na birika lake la kahawa, akinikosoa kwa sauti tu. Hakuacha kazi yake nyingine, ambayo sijaitaja. Alikuwa somo. Mabinti wengi wa Kilindoni na vijiji vya jirani walipelekwa kwake kufundwa kabla ya kuolewa, na yeye ndiye aliyewasinga, akawafukizia nguo zao udi na kuzinyunyizia marashi.

Siku moja alikuja kijana anaitwa Salim, wa ukoo wenye minazi mingi Baleni. Alikuwa anataka kumwoa Mwanaidi, binti wa jirani zetu wa Kiegeani ambao wanaishi kwa mwani. Mwanaidi alipoulizwa mahari, hakutaja fedha. Alisema anataka pete yenye jiwe lenye mwezi ndani, basi. Mama yake Salim, Bi Raya, alikuwa ameandaa dhahabu na aliona aibu. Alisimama pale dukani akiwa na mwanawe, akalitazama jiwe lile akasema lina rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Lakini mahari ni haki ya mwanamke na anayechagua ni yeye, kwa hiyo Bi Raya aliishia kununa tu.

Nilimwonyesha Salim jiwe mlangoni. Nikamwekea kioo cha kukuzia, ambacho Bi Shemsa alinikabidhi kwa dakika ile na kunidai baadaye.

"Kuna mdudu humu!" akasema.

"Ni tandu. Amezaliwa humo. Mwangalie vizuri, miguu ya upande mmoja ni mirefu."

"Sasa Fundi, nimpelekee mchumba wangu tandu?"

"Mpelekee. Hakuna mwanamke mwingine duniani mwenye tandu huyo."

Alicheka na akalitaka hilo hilo. Nikalitengenezea pete ya fedha, ikapelekwa Kiegeani pamoja na salamu zangu kwamba haitaki moto, na mimi nikaendelea na mambo mengine.

Asubuhi ya siku moja kabla ya nikaha waliingia dukani wote kwa pamoja. Bi Raya alikuwa mbele, Salim nyuma yake amejikunja, kisha Bi Hadia, mama yake Mwanaidi, na Mwanaidi mwenyewe amejifunika mpaka puani, maana bi harusi hakupaswa kutoka nje siku hizo. Kwa kuwa alitoka, nilijua mambo yameharibika. Hata salamu zilikuwa za haraka haraka.

Bi Raya aliweka pete mezani. "Fundi, jana nimekwenda na dada zangu kumwona bi harusi. Nikaomba nionyeshwe pete. Nikaletewa hii. Mwanangu alinunua jiwe linalowaka. Hiki ni kipande cha chupa. Nataka useme mbele ya watu nani kalibadilisha."

"Sisi tunalima mwani, Bi Raya," Bi Hadia akasema. "Wizi hatuujui."

"Sikusema mmeiba."

"Umesema nini basi? Limebadilika lenyewe?"

Mwanaidi alipozungumza alinitazama mimi, hakumtazama mchumba wake. "Fundi, mimi siingii kwenye nyumba ninayoitwa mwizi. Kama hili si lile, niambie. Na kama ni lile, waambie."

Ilikuwa nikaha kesho yake. Mpunga ulikuwa umekwisha kupetwa, mbuzi wamekwisha kufungwa uani, na mimi nilikuwa nimeshika ndoa ya watu kwa vidole viwili.

Nilitoka nayo mlangoni. Bi Raya alikuwa na haki ya kushtuka. Jiwe lilikuwa limekufa. Ule mwanga ulikuwa umekatika katikati, na upande mmoja pameingia utando mweupe. Nilimwomba Bi Shemsa kioo, akakivua akanipa. Nilichungulia, na moyo wangu ukatulia. Tandu alikuwa mle mle, miguu yake ya upande mmoja mirefu. Pembeni yake mlango ulikuwa umefunguka.

Nilimwita Salim nikampa kioo. "Wewe ulimwona kabla. Mtafute."

Alichungulia kwa muda mrefu, mama yake akiwa anamtazama mdomo.

"Yupo," akasema. "Mama, ndiye. Ni tandu yule yule. Jiwe ni letu."

Bi Hadia alikaa chini palepale akaanza kulia. Nilidhani yamekwisha, lakini Bi Raya si mtu wa kuachia jambo katikati. Akauliza, kama ni lile, limefanywa nini? Nani kalipiga? Au Mungu ameonyesha kwamba ndoa hii haina heri? Neno hilo lilikuwa baya kuliko lile la wizi. Mwizi anaweza kujitetea, lakini mtu akiambiwa hana heri atajibu nini? Nikamwona Mwanaidi anafunga mkono wake ndani ya buibui, na Salim anautazama ule mkono.

Fedha haikuwa na alama ya kupigwa hata moja. Nikaigeuza, nikaona nyuma kuna weusi kidogo kama masizi. Nikafanya jambo ambalo sijawahi kumwona sonara mwingine akilifanya. Niliinusa. Ilinukia udi.

"Mwanaidi, pete hii mliifukiza?"

"Hapana, Fundi. Walaahi. Uliponiletea salamu kwamba haitaki moto, nikaificha mwenyewe. Nguo ndizo zilizofukizwa."

"Uliificha wapi?"

"Kwenye pindo la kanga."

Kila mwanamke aliyesoma mpaka hapa amekwisha kuelewa. Wanawake wetu hawana mfuko wanaouamini kuliko pindo la kanga. Alikuwa ameifunga kwenye pembe, fundo dogo, akaikunja kanga akaiweka salama miongoni mwa nguo zake mpya. Na nguo hizo hizo ndizo zilizotandazwa juu ya tenga, chini yake chetezo kina makaa na udi. Pindo lenye uzito halikai juu. Lilining'inia ndani ya tenga mpaka karibu na makaa. Kisha kanga ikatolewa ikiwa ya moto na ikanyunyiziwa marashi ya baridi. Moto, kisha baridi.

Nilimwuliza kama kanga ile anayo. Alikuwa ameivaa ndani ya buibui. Akavuta pembe yake, na sote tukaona: pamebabuka, rangi ya kahawia, pana ukubwa wa tende.

Swali lililobaki lilikuwa moja tu, na jibu lake nililijua, kwa kuwa mji mzima ulijua somo ya Mwanaidi ni nani. Nilitafuta neno la kusema ambalo lisingekuwa uongo na lisingefika nyuma ya duka. Sikulipata. Redio ilikuwa imezimwa.

"Kanga nilifukiza mimi," sauti ikasema kutoka mkekani. "Na marashi nikanyunyiza mimi. Sikupapasa pindo."

Bi Shemsa aliinuka kwa kushika ukuta. Alikuja mpaka mezani, akaweka mkono juu yake kuhakikisha ipo mahali pake.

"Maisha yangu yote nawaambia watu jiwe hili wasilipeleke motoni, halafu nimelipeleka mwenyewe, tena kwa mikono miwili. Raya, jiwe halina kosa, na mtoto wa watu hana kosa. Kama una la kusema, niambie mimi."

Lazima niwaambie kwamba Bi Raya mwenyewe alifundwa na Bi Shemsa. Alipopambwa kwa harusi yake, mikono iliyompamba ni hiyo hiyo iliyokuwa mezani. Nilimwona akiitazama. Kisha yule mama wa minazi akavuta kigoda akakaa kama msichana.

"Yaishe, somo," akasema. Halafu akamgeukia Mwanaidi. "Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe. Salim atakununulia jingine leo hii, kubwa, la dhahabu ukitaka."

"Nimekusamehe, mama," Mwanaidi akasema. "Lakini nataka hili hili. Jingine halitakuwa na tandu wangu."

Basi walikwenda, nikabaki na jiwe lililopasuka na nikaha inasubiri. Nilipolitoa kwenye fedha liliachana mkononi, kama lile la siku yangu ya kwanza. Bi Shemsa alivuta kigoda akakaa ubavuni kwangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Aliniambia nilishikize kwenye kijiti kwa gundi, si kwa lakiri, maana lakiri hutaka moto na moto limekwisha kupata wa kutosha. Maji ya kunolea yakae kwanza yapate joto la chumba. Tandu abaki ndani, kwa gharama yoyote. Nikanoa. Yeye hakutazama, alisikiliza. Mara kwa mara akisema, "Polepole, linalia," nami nikipunguza, nikigundua kweli jiwe la kunolea limebadilisha sauti. Adhuhuri ilipita, tukaswali palepale dukani, tukarudi. Kabla ya alasiri kumalizika nililigeuza mwangani na ule mwanga wa buluu ukapita mgongoni mwake mzima, upande hadi upande. Jiwe lilikuwa dogo kuliko mwanzo. Lilikuwa zuri kuliko mwanzo pia, na hilo sikulifanya mimi peke yangu.

"Tandu yupo?" akaniuliza.

Nilimpa kioo aangalie. Hakukipokea.

"Nakuuliza wewe."

"Yupo, Bi. Palepale."

"Basi kivae hicho. Mimi simwoni siku nyingi. Ningekuwa naona, ningeliona fundo la pindo. Nilidhani mikono itanitosha." Kisha akasema, "Ahsante, Hamadi."

Nilishtuka. Miaka yote ile sikuwahi kusikia neno hilo likinijia kutoka kwake. Nilidhani ananishukuru kwa kulinoa jiwe vizuri, au kwa kuwa sikulitaja jina lake mbele ya watu. Nikajibu kwamba si kitu, nikavaa kioo, nikaenda kuipeleka pete.

Walifunga ndoa. Tangu hapo, hapa Kilindoni mtu akitandaza nguo juu ya chetezo, atasikia mwanamke mmoja akiuliza, "Pindo?" na wote wakicheka, na wote wakipapasa. Bi Shemsa aliishi akausikia utani huo kwenye harusi nyingi, na aliucheka kuliko wote. Mungu amrehemu. Kile kipande kilichobaki, chembamba kisichofaa kwa pete, ndicho nilichompa Zuhura mkononi siku yake ya kwanza, nikamwambia apitishe kidole ajue mlango ulivyo. Sikumpa nyundo. Mawe siku hizi ni adimu, naye ana mkono mzito.

Mwanaidi huleta pete yake kuoshwa kila inapokaribia Idi. Safari ya mwisho aliileta nikiwa katika wiki zangu za mwisho dukani. Nilitoka nayo mlangoni, nikaweka kioo jichoni, nikageuza. Nikageuza tena. Nilikuwa najua daktari ameniambia nina mtoto wa jicho, lakini nilikuwa sijaamini hasa mpaka pale. Mbele yangu palikuwa na ukungu mtupu, na nilisimama nao kwa muda, Mwanaidi akiwa ananingoja na kuniuliza habari za wajukuu.

Nikamwita Zuhura. Alikuja akasimama palepale ninaposimama mimi siku zote, mgongo kwenye jua, bila kuambiwa.

"Tandu yupo?" nikamwuliza.

Alichungulia, akageuza jiwe kidogo. "Yupo, Fundi. Miguu ya upande mmoja mirefu."

Alitaka kunirudishia kioo. Nilikisukuma, nikamvisha ile kamba nyeusi shingoni. Nikamwambia ahsante, naye akanishangaa, akasema, "Ahsante ya nini, Fundi? Nimetazama tu."